Sabuni ya kunawia si ya kuongezwa maji

Jamani, huu mchezo wa kuchakachua sabuni uishe. Nilichukua likizo nikaenda Moshi kukimbia Kilimanjaro Marathon, ile nusu ya kilomita 21.1. Aliyewahi kupanda kuelekea Mweka anajua mapaja yanavyowaka, na kushuka ndiko kunakomaliza magoti. Narudi nyumba ya wageni vidole vinanata soda na ndizi, chumvi ya jasho imekauka hadi kwenye nyusi. Nabonyeza chupa ya sinki: maji ya rangi ya waridi, povu hakuna, harufu hakuna. Mara nne, mikono bado inanata. Na bei ya chumba walishaipandisha kwa sababu ya mbio!

Nilikuwa na kipande changu cha sabuni ya Krismasi, zawadi ya dada, ya karafuu, mdalasini na ganda la chungwa. Nikanawa taratibu hadi viwikoni, bafu zima likanukia kama jiko la pilau siku ya sikukuu. Uchovu ulishuka palepale. Kesho yake natoka kunywa chai, narudi, kipande kimetupwa wakati wa usafi. Chupa ya waridi, lakini, wameijaza maji tena mpaka shingoni.