Mbawala Mmoja, Maji Moto Elfu

Mpwa wangu yuko Minnesota, Marekani, na ana tabia moja ya vijana wetu walioko ughaibuni: akijifunza jambo leo, kesho ni mwalimu. Wakati wa korona alitufundisha kunawa mikono, sisi tunaotawadha mara tano kwa siku. Mwaka jana wenzake wa kazini wakamchukua msituni kuwinda kulungu, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumua.

"Mjomba," ananitumia sauti, "kulungu wa huku pembe zake zina matawi, na kila mwaka zinaanguka anaota nyingine. Mjomba, umesikia?"

Nimesikia. Mie niko Malindi, nauza vipuri vya pikipiki, pembe za mtu zikianguka Minnesota hainihusu. Lakini shemeji yangu ana shamba kule Gede, limepakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, na kila akija mjini kilio chake ni kimoja: kuna mbawala anatoka msituni alfajiri anamaliza kunde zake. Nikaanza kupata wazo. Si la nyama, tuelewane. Kenya kuwinda kumepigwa marufuku tangu 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina masihara na mtu, hata ukikutwa na kisufuria kimoja. Wazo langu lilikuwa picha. Msitu ule una kilomita za mraba zaidi ya 400, wazungu wanavuka bahari kuja kuutazama, na mie niliyezaliwa hapa picha niliyonayo ya mnyama ni ya paka wa jirani.

Nikamwambia mpwa wangu. Alifurahi mpaka nikajuta.

Somo la kwanza likawa harufu. Kulungu anaishi kwa pua, na mbawala wa kwetu vivyo hivyo. Ukitaka kumkaribia, uoge bila sabuni ya manukato, nguo uzifue bila sabuni ya unga ile yenye kung'arisha, uzianike nje usiku kucha, na usizifukize chochote. Sasa mtu wa Minnesota anaweza kusema hivyo akaendelea na maisha. Nyumbani kwangu kanzu hazivaliwi bila udi, na kabati limejaa asumini. Mke wangu aliponiona saa tisa usiku najimwagia maji matupu, alisimama mlangoni kajifunga leso, akanitazama kwa muda.

"Baba watoto, mwanamume akienda kwa mwanamke mwengine hujitia manukato. Wewe unajitoa. Unaficha harufu ya nani?"

"Nakwenda kumtazama mbawala."

"Ndiyo jina lake?"

Niliacha mjadala hapo. Ila nakiri alinifungia mahamri kwenye gazeti, yale ya iliki nyingi, akanitilia mfukoni. Mwanamke wa Malindi anaweza kukushuku na asikuache utoke na njaa. Mpwa wangu alishasema kwamba mwindaji habebi chakula chenye kunukia, lakini mpwa wangu hajawahi kumwambia shangazi mtu "sitaki mahamri yako" saa kumi ya usiku.

Somo la pili lilikuwa rangi. Macho ya kulungu hayaoni kama yetu. Bluu anaiona vizuri sana, ndiyo maana ile sabuni ya kung'arisha inamfanya mtu aonekane anawaka. Nyekundu na chungwa kwake zimefifia tu, hazitofautiani sana na majani. Kwa hiyo wawindaji wa huko huvaa kizibao cha chungwa kali, kulungu asiwaone lakini wenzao wawaone wasije wakapigana risasi, na katika majimbo mengi ni sheria wakati wa msimu wa bunduki. Alikuwa ameshanitumia kizibao kwa mkono wa msafiri.

Nikamuuliza, "Huku hakuna mwenye bunduki, nivae ya nini?"

"Nidhamu, mjomba."

Nikavaa. Kijana wa bodaboda aliyenibeba kutoka mjini hadi Gede alinigeukia kila tukifika kwenye taa ya barabarani. Mwisho akashindwa. "Mzee, wewe ni wa stejini gani? Maana hii njia ya Gede ina wenyewe." Nilimwambia mie ni mwindaji. Kuanzia hapo hakusema neno, na tulipofika alichukua pesa bila kuzihesabu.

Upepo ndio somo pekee ambalo sikuhitaji kufundishwa na mtu. Mpwa wangu alisema ukae mahali ambapo upepo unatoka kwa mnyama unakuja kwako, kamwe usiwe wewe unayempelekea. Hilo mvuvi yeyote wa hapa angelipanga vizuri kuliko yeye. Alfajiri huvuma umande, unatoka bara kwenda baharini. Msitu uko upande wa bara, shamba liko upande wa bahari, basi umande utanipa mimi harufu ya mbawala na yeye hatapata yangu. Tatizo ni kwamba jua likishapanda, upepo wa bahari unaamka na mambo yanageuka. Tena ilikuwa tanga mbili, pepo za kusi zimekwisha na za kaskazi hazijashika, wakati ambao upepo wenyewe haujui unakwenda wapi. Nilibeba unga kidogo wa ngano kwenye karatasi, uwe wa kupima: unamwaga chembechembe, unatazama zinaelekea wapi.

Kuna mwembe dodo mkubwa mwishoni mwa shamba. Kulungu hana kawaida ya kutazama juu, na harufu ya mtu aliye juu haimfikii upesi, ndiyo maana wawindaji wanakaa mitini. Lakini wanaoumia zaidi ni wale wanaoanguka, basi jifunge kwanza. Wao wana mkanda maalumu wa kushika mapaja na kifua. Mie nilikuwa na kamba ya manila, niliyoiazima kwenye mashua ya ami yangu. Nikapanda gizani, nikaipitisha kwapani, nikaifunga tawi la juu mafundo ya kutosha, nikaketi. Kuchele. Umande unanipiga usoni kutoka msituni. Nikamwaga unga, ukaja kwangu. Nikajiona Mmarekani.

Somo la mwisho lilikuwa fupi: usitikisike.

Nilipoanza kuona mkono wangu mwenyewe, ndipo nilipoona pia kile kilichokuwa karibu na mkono. Majani matano au sita ya mwembe yameshonwa pamoja kwa uzi mweupe, yametengeneza kifuko. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa. Maji moto, wale sisimizi wekundu wakali. Nilikuwa nimeketi ukumbini mwao. Kwenye kidole changu cha gumba alikuwa amesimama mmoja, mwekundu, amenyanyua tumbo juu, akinichunguza. Wataalamu wa kilimo wanawasifu sana wadudu hawa, ati wanalinda miembe na minazi dhidi ya wadudu waharibifu. Sina ubishi. Walikuwa kazini.

Na wakati huohuo, mbawala akatoka.

Wallahi alikuwa mzuri. Dume, rangi ya kahawia iliyoiva, madoa meupe ubavuni, baka jeupe kooni, pembe mbili zimejisokota. Alinyanyua mguu mmoja wa mbele akauacha hewani, sikio moja likageuka kuelekea barabarani, la pili likabaki kwangu. Kisha akauteremsha mguu polepole akainama kwenye kunde za shemeji. Anachagua! Anakula kijani laini cha juu, shina anaacha. Nilitoa simu kwa mwendo wa kinyonga. Mpwa wangu alishanifundisha pa kulenga: nyuma tu ya bega, theluthi moja kutoka chini, hapo ndipo penye moyo na mapafu. Nilipomwambia kwamba mie nina simu, alijibu, "Lenga hapohapo, mjomba, uzoee." Nikalenga hapohapo. Nikavuta karibu. Nikapiga moja.

Maji moto wa kwanza aliuma shingoni. Nikavumilia. Wa pili akapita kwenye ukosi akashuka mgongoni, na nyuma yake nikahisi msafara. Hawa wakikuuma hawaishii kuuma. Wanakutilia na tindikali palepale kwenye jeraha. Usitikisike, usitikisike. Macho yananitoka machozi, mbawala anatafuna. Nikamwaga unga kwa mkono unaotetemeka, nipime. Ukaanguka chini wima. Umande umekufa. Nikamwaga tena: unga ukaondoka mbele yangu, taratibu, ukielekea msituni.

Mbawala akanyanyua pua. Iliki!

Sasa kuna jambo mpwa wangu hakuniambia, kwa sababu kulungu wake hukoroma tu. Mbawala anabweka. Anabweka kwa nguvu, sauti nzito ya mbwa mkubwa, mara moja, na ukiwa hulijui hilo, na una maji moto wanaovuka mpaka wa suruali, unachofikiri ni kwamba kuna mbwa chini ya mti. Nilinyanyua miguu yote miwili. Hapo ndipo tawi na mimi tulipoachana.

Kamba ilifanya kazi yake, nitaisifu mpaka kufa. Nilining'inia kwapani, miguu inaelea juu ya kunde, mikono imenyooka pembeni. Simu ikaanguka. Mahamri yakaanguka. Mbawala hakuonekana tena. Mafundo yangu yalikuwa yamelowa umande, yamekaza, na yalikuwa juu ya kichwa nisipoweza kuyafikia. Mpwa wangu alikuwa amesema jambo kuhusu kuning'inia, kwamba damu inakwama miguuni, na mwindaji anatakiwa awe na kitanzi cha kukanyagia. Kitanzi sikuwa nacho. Nikawa napiga mateke hewani, na maji moto wakaona nawachokoza.

Kelele zile zikawaita nyani. Ulikuwa msimu wa maembe, wangekuja tu, ila walikuja mapema. Na nyani, ndugu zangu, si kulungu. Macho yake ni ya rangi zote tunazoziona sisi. Kilichokuwa chini ya mwembe ule alfajiri ile, kwa nyani, kilikuwa embe moja bivu la kilo themanini. Dume lao akaja akaketi chini yangu, akanitazama kizibao, akatazama gazeti. Akalifungua vizuri, akachukua hamri moja, akalinusa, akala. Akachukua la pili. Simu ikaanza kulia pale chini: mpwa wangu, kule kwao ni saa tatu usiku, anataka kujua tumefikia wapi. Nyani akaisogeza kando kwa mguu isimpigie kelele, akaendelea.

Shemeji alisikia nyani, akatoka na manati. Sikumwambia kwamba nakuja, maana nilitaka kumshtukiza na picha. Jiwe la kwanza lilimkosa nyani.

"Shemeji! Mimi! Mimi!"

"Mimi nani?"

Jiwe la pili lilikuwa limeshatoka. Nililipokea kwenye kalio la kushoto.

Aliyeniokoa ni mgema, mzee wa Kigiriama aliyekuwa anagema mnazi wa shamba la pili. Aliteremka na kibuyu chake kiunoni, akapanda mwembe ule bila kamba, bila mkanda, bila kuuliza, umri wake ni wa baba yangu. Akafika juu, akatoa kotama, akachungulia.

"Nikikata utaanguka."

"Kata, mzee."

"Mbona ulijifunga?"

"Ili nisianguke."

Alifikiri kidogo. Akakata.

Niliangukia kunde, nikabingirika nikiua maji moto kila upande, na nilipomaliza kubingirika shemeji alikuwa amesimama anahesabu mistari. Mbawala alikuwa amekula vijani vya juu. Mimi nililaza mistari minne mizima. "Yule," akasema, "ningemripoti KWS, shirika la wanyamapori. Wewe nikuripoti wapi?" Nilimlipa. Mgema nilimpa chake pia, na kizibao akakipenda, nikampa.

Picha iko. Ni bega. Hakuna kichwa, hakuna pembe wala mkia, ni bega tupu la kahawia linalojaza kioo chote, na mke wangu anashikilia kwamba ni mbuzi. Nilimtumia mpwa wangu. Alijibu papo hapo kwa sauti, anashangilia: "Mjomba, shabaha! Huyo angeanguka hapohapo!" Kisha akatulia, akaniuliza harufu niliitengeneza vipi. Nikamweleza yote, hadi mahamri. Akacheka, akasema dawa ipo, wawindaji wa huko wanainunua dukani: mkojo wa kulungu jike, kwenye chupa. Unatia matone kidogo kwenye viatu. Anakuja Desemba, ataniletea mbili.

Simu ilikuwa kwenye spika. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua uso.

"Mwambie mpwa wako chupa hiyo akija nayo, mtalala nayo stejini. Yeye na wewe."