Ghala Lililovuka Mto

Kazi yenyewe ya kuchora ramani kwenye kompyuta haina mambo mengi. Unafungua picha ya setelaiti, unaona paa, unalizungushia mstari, unabonyeza Q pembe zinyooke, unaliwekea alama ya jengo, unahamia jingine. Watafiti na madaktari wa chanjo wanataka kujua watu wanaishi wapi, na kuna maeneo ramani inaonyesha kijani kitupu. Mradi wa Missing Maps unaziba mapengo hayo tangu 2014 kupitia OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na wanafunzi kama sisi ndio punda wake wa hiari.

Ili watu wasigongane, eneo hukatwa miraba. Ukichukua mraba, umefungwa kwa jina lako. Mimi nilikuwa ng'ambo hii ya mto, mwenzangu tunayemwita Mhandisi ng'ambo ile.

Ukingoni nikakuta paa refu, jeupe, pembe nne safi, juu yake matangi mawili ya maji. Ghala hilo! Nikalichora. Kupakua data upya, naona upande wa pili kuna jengo jingine, ukubwa uleule, limekaa majini. Kwenye picha yangu pale ni maji matupu. Nikalifuta, kwa huruma tu.

Muda si muda, langu nalo halipo.

"Mhandisi, nani kafuta ghala langu?"

"Lipi? Lile ulilojenga mtoni?"

"Aliyejenga mtoni ni wewe bwana!"

Likarudi, likafutwa, likarudi. Wenzetu wakaacha kuchora, wakasogeza viti. Tulipolinganisha skrini, kumbe yeye anatumia picha za setelaiti kutoka Esri, mimi kutoka Bing, na hazikupigwa siku moja. Kwake ghala liko kule, kwangu liko huku. Mhandisi akaleta nadharia ya mafuriko, na akaanza kuichorea mishale ubaoni. Mimi nikawa upande wa wanaoamini kwamba wenyeji wamehama na ghala lao.

Ndipo ukaingia ujumbe wa mhakiki anayekagua michoro yetu, mstari mmoja: "Samahani, jengo hili nauli yake kiasi gani?"

Tukavuta picha karibu. Barabara inaishia majini, pande zote mbili. Matangi yangu yana matairi.

Pantoni.

Tukafuta yote mawili, tukachora mstari wa kivuko. Mhandisi alisaini amani shingo upande: anashikilia kwamba lake lilistahili kubaki, maana lilikuwa limeshafunga gati, langu ndilo lilikuwa bado linapakia.