Kopo la Maji Mkononi mwa Mtoto

Mtoto akipatwa na janga, watu wazima tunagawanyika. Kuna wanaosema mwacheni, bado mdogo, atasahau. Na kuna wanaomkalisha chini kila jioni: haya, tuambie, ilikuwaje? Mimi nilikuwa kundi hilo la pili. Binti wa kaka yangu alinusurika ajali ya gari akiwa na miaka sita, nami shangazi yake nikaamini kwamba nikimhoji kwa upole jambo lenyewe litamtoka na kwisha. Halikumtoka. Alianza kulala taa ikiwaka, akagoma kuvaa viatu, na akawa akimwagiwa maji kichwani anapiga ukelele mpaka jirani anakuja kugonga.

Tulipopewa rufaa kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ambayo wengine huiita tiba kazi, nilivunjika moyo. Jina lenyewe lilinifanya nifikirie ufumaji na ususi wa vikapu. Sikukosea sana, maana waasisi wa fani hii walipounda chama chao nchini Marekani mwaka 1917, kazi za mikono na ratiba ya siku ndizo zilizokuwa dawa yao kwa wagonjwa wa akili. Ila kazi ya mtoto ni nini? Ni kucheza, kula, kuoga, kuvaa, kulala, kukaa darasani. Kiwewe huanza kuvuruga hapo hapo, kabla mtoto hajapata hata maneno ya kukieleza.

Mtaalamu hakuuliza habari za ajali. Aliuliza, "Shangazi, kuoga kunakwama wapi hasa?" Nikajibu kunakwama kote. Hakuridhika, akataka tupitie hatua moja moja. Kuvua nguo? Hana shida. Kuingia bafuni? Anaingia. Sabuni mwilini? Anacheka. Kufumba macho ili maji yapite usoni? Ahaa. Wiki ngapi tumegombana na mtoto kuhusu maji, kumbe maji hayana kosa. Akifumba macho hajui kinachomjia.

Huo ndio ujuzi wenyewe wa fani hii: kuivunja shughuli vipande vipande, kutafuta kipande kinachouma, halafu kukirudisha kidogo kidogo. Alimpa mtoto kopo na mwanasesere, akamwambia amwoshe. Siku nyingine akajimwagia kiganjani, kisha begani. Taulo dogo likawekwa kwenye paji la uso ili macho yabaki wazi. Na akapewa neno lake, "bado". Akisema bado, kila mtu anasimama, hata kama kopo limeshainuliwa. Mimi lilinitoa jasho neno hilo. Sikuwa nimezoea kusimamishwa na mtoto.

Mtoto aliyewahi kushtushwa vibaya hubaki kama nyumba ambayo king'ora chake kinalia hata paka akipita. Ubongo unatafuta hatari kabla ya kitu kingine chochote, na huwezi kumbembeleza kwa hoja mtu ambaye mwili wake uko mbioni. Ndiyo maana wataalamu hawa hutumia sana misuli na viungo: kusukuma kiti kilichojaa vitabu, kuvuta kamba, kubembea. Msingi wa mawazo hayo uliwekwa na Jean Ayres, Mmarekani aliyeandika miaka ya 1970 kuhusu jinsi ubongo unavyounganisha taarifa za hisi, zikiwemo hisi za viungo na za usawa wa mwili ambazo hatukufundishwa shuleni. (Mwalimu mmoja alimnyima huyu wetu mapumziko kwa sababu "hatulii". Mtoto hatulii, unamnyima kukimbia!)

Sitaki kuwauzia muujiza. Ushahidi wa tiba hizi za hisi bado ni mwembamba. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliwataka wanachama wake wawaeleze wazazi hivyo waziwazi. Kwa jinamizi na kumbukumbu zinazorudi zenyewe, tiba ya kisaikolojia inayolenga kiwewe, mzazi akishirikishwa, ina ushahidi mzito zaidi, na binti yetu aliipata pia. Kwa hiyo anayekuuzia blanketi zito, lile la kumtuliza mtoto kwa uzito wake, na kuliita tiba kamili, muulize maswali. Ninachokataa ni ile dharau ya "wanacheza tu kule". Mtoto anayeshindwa kuoga, kulala na kuvaa hana siku ya kuishi, hata akikaa na mshauri saa nzima kila wiki.

Wiki ya tano au ya sita, nilikuwa nimekaa pembeni akimwosha mwanasesere wake. Bila kuinua uso akasema, "Huyu naye alikuwa kwenye gari." Moyo ulinilipuka. Maswali yote niliyoyafungia miezi ile yalinijaa mdomoni. Mtaalamu alinitazama, akanisogezea sabuni kwa kidole. Nikamwuliza mtoto kama huyo mwenzake anahitaji povu zaidi.

"Bado," akasema, akaendelea kummwagia maji polepole, akimkinga macho kwa mkono wa pili.