Jeni ya Kinga Ipo, Lakini Nani Anaiamsha?

Mijadala yetu kuhusu mbegu zinazostahimili magonjwa huishia kwenye swali moja: jeni ya kinga ipo au haipo? Mimi naona hiyo ni nusu tu ya swali. Jeni inaweza kuwemo katika kila seli ya mmea na isifanye lolote, mpaka iamshwe. Na mara nyingine kinachoiamsha ni elektroni chache kuhama kutoka protini moja kwenda nyingine.

Chukua NPR1, protini inayoamsha jeni za kinga za mmea, na inayonivutia kuliko zote. Imechunguzwa sana kwenye Arabidopsis, kijimea cha jamii ya kabichi, hasa katika maabara ya Xinnian Dong, Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mmea usipokuwa na ugonjwa, sehemu kubwa ya NPR1 hukaa nje ya kiini cha seli, imeshikamana mafungumafungu kwa vifungo vya salfa baina ya sisteini zake, yaani asidi amino zenye salfa. Vimelea vikivamia, mmea hutengeneza kwa wingi asidi salisiliki, kemikali yake ya kutangaza hatari. Hapo thioredoksini, protini ndogo sana, hutoa elektroni zake. Vifungo vinakatika, na NPR1 inaingia kwenye kiini ikiwa mojamoja. Yenyewe haishiki DNA. Inaungana na protini za TGA, ambazo ndizo zinazoishika, na jeni za kinga kama PR1 zinaanza kusomwa. Hata TGA1, mojawapo ya protini hizo, ina sisteini mbili zake: zikifungana, muungano huo unakwama. Mlango mmoja, kufuli mbili!

Ulinzi wote huo una sababu: kujikinga kunagharimu. Mpunga uliowekewa NPR1 nyingi muda wote ulihimili magonjwa, lakini katika mazingira fulani ulipata mabaka ya seli zilizokufa bila kuugua. Mwaka 2017 Dong na wenzake, wakiwemo watafiti wa China, waliibana NPR1 izalishwe haraka pale tu vimelea vinapofika. Mpunga ukastahimili bila kudumaa.

Huku kwetu, mnyauko bakteria uliripotiwa kwenye migomba ya Uganda mwaka 2001. Huko Kawanda, kituo cha utafiti wa kilimo nchini Uganda, watafiti waliijaribu shambani migomba yenye jeni ya pilipili hoho inayotengeneza protini ya jamii ya feredoksini, nayo pia mpitishaji wa elektroni. Ilistahimili vizuri sana na ilikua kawaida, ingawa jeni hiyo iliwekwa ifanye kazi mfululizo. Nawapongeza kwa dhati. Sasa nataka taasisi zetu za utafiti zitenge fedha kuchunguza NPR1 ya mgomba wenyewe: inafunguka lini, kwa kasi gani, na kwa nini bakteria wanaiwahi.