Sikio hupokea mlio, ubongo ndio unaomtambua mtu

Neno "sauti" katika Kiswahili limebeba mizigo miwili: sauti ya mtu anayesema, na sauti ya chochote kinachosikika. Hata hivyo wasemaji wake hawachanganyikiwi. Kengele ina mlio, upepo una mvumo, radi ina ngurumo, majani makavu yana mchakacho, gunia likianguka ni kishindo. Kila kitu kikishapewa chake, "sauti" humbakia mwenyewe, yaani mtu. Ubongo nao hugawa hivyohivyo, tena kabla ya robo ya sekunde kupita tangu mlio uingie sikioni. Kazi hiyo haifanywi na sikio, na kwa sababu hiyo naona kumpima mtu usikivu kwa milio ya mashine peke yake ni kuiacha kazi njiani.

Sikio la ndani lina mfereji uliojisokota kama nyumba ya konokono, na ndani yake umetandazwa utando wa urefu wa milimita 35 hivi. Mwanzo wa utando hutikiswa na masafa ya juu (masafa ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, na kipimo chake ni hezi), hadi hezi 20,000 kwa kijana mwenye afya. Mwisho wake hutikiswa na masafa ya chini, karibu hezi 20. Seli zenye vinyweleo zinazopeleka habari kwenye ubongo ni kama 3,500 tu kwa kila sikio. Bawaba ikilia, mbwa akibweka, mtoto akiita, seli hizo hupeleka habari za aina moja: masafa gani, kwa nguvu gani, wakati gani. Hakuna seli hata moja humo inayojua kuwa huyu ni mtu.

Sauti ya mtu ina alama zake. Nyuzi za sauti kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, hufunguka na kujifunga mara 100 hadi 120 hivi kwa sekunde kwa mwanamume, mara 200 hivi kwa mwanamke, na kwa kichanga anayelia huweza kupita 400. Nyuzi zikipiga mara 100, hatupati hezi 100 peke yake. Tunapata ngazi nzima, 100, 200, 300, 400 na kuendelea juu. Kisha koo, kinywa na pua huichuja ngazi hiyo. Imba "aaa" halafu geuza iwe "iii" bila kupandisha wala kushusha. Mwendo wa nyuzi haukubadilika, ni ulimi uliopanda. Kwenye "a" nguvu hurundikana karibu na hezi 700 na 1,200. Kwenye "i" rundo moja hushuka hadi karibu na 300 na jingine hupanda kupita 2,000. Ongeza hapo mwendo wa silabi, nne au tano kwa sekunde katika mazungumzo ya kawaida. Feni huvuma siku nzima bila kutoa silabi.

Mwaka 2000 Pascal Belin na wenzake, wakifanya utafiti Montreal, waliwasikilizisha watu sauti za binadamu na milio mingine huku mashine ya MRI ikipiga picha za ubongo. Waliona maeneo ya ubavuni mwa ubongo, kwenye mkunjo ulio karibu usawa wa masikio, yakiamka zaidi kwa sauti za watu kuliko kwa milio mingine, hata pale sauti ilipokuwa kicheko au kikohozi kisicho na neno. Maeneo ya namna hiyo yalionekana baadaye kwa kima aina ya makaki (2008) na kwa mbwa (2014). Kwangu hilo ni jambo kubwa, maana linaonyesha kwamba kutambua sauti ya kiumbe mwenzako si zao la lugha.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa 1981. Robert Remez na wenzake walichukua sentensi, wakaondoa kila kitu na kubakiza mbinja tatu zinazopanda na kushuka kwa kufuata yale marundo ya nguvu niliyoyataja. Wasikilizaji wasioambiwa kitu wengi walisikia mbinja za ajabu. Walioambiwa kuwa kuna sentensi, wengi waliyapata maneno. Kilichoingia sikioni kilikuwa kilekile. Upande wa pili wapo watu wachache ambao masikio yao ni mazima na maneno wanayaelewa, lakini hawawezi kumtambua kwa sauti hata mtu wa karibu mpaka ajitaje jina.

Sasa tazama kipimo cha kawaida cha usikivu. Mtu huvalishwa vipokea sauti ndani ya chumba kimya, akasikilizishwa milio ya hezi 250 hadi 8,000, mmoja mmoja, akabonyeza kitufe kila anaposikia. Kipimo hiki ni cha lazima, sikikatai. Lakini kinaliuliza sikio tu. Mtu anaweza kukaribia kabisa kufaulu, kisha nyumbani akalalamika, "Nawasikia mnasema, sielewi mnasema nini." Lalamiko hilo ni la kweli, asibezwe. Chukua "fika" na "shika". Tofauti iko kwenye mkwaruzo mdogo wa mwanzo, ambao nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 2,000 na ni hafifu. Uzee na kelele huanza kula huko juu. Ukishapotea, ubongo unabaki na "-ika" na kubahatisha. Kumpigia mtu huyo kelele hakusaidii sana, kwa kuwa ukipaza sauti irabu ndizo zinazonenepa, konsonanti hubaki nyembamba. Msogelee: ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako humfikia ikiwa na desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 6 zaidi mahali palipo wazi, pamoja na konsonanti zake. Zima redio, na akuone mdomo.

Kuna hasara nyingine ambayo kipimo cha milio hakiioni. Watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha mwaka 2009 kwamba panya waliopigwa na kelele kali waliweza kurudia usikivu wao wa kawaida, huku viungio vingi kati ya seli za vinyweleo na neva vikiwa vimekufa moja kwa moja.

Kwa hiyo kipimo cha pili kiwe cha sauti ndani ya kelele. Msikilizaji hupewa tarakimu tatu, mfano nne, saba, mbili, juu ya mvumo. Akipatia, seti inayofuata sauti hupunguzwa desibeli 2, akikosea, huongezwa. Baada ya seti ishirini na kitu, kiwango hutulia pale anapopata nusu na kukosa nusu, na hapo ndipo penye alama yake. Huchukua dakika chache tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa programu ya simu ya aina hii, hearWHO, mwaka 2019. Tarakimu zirekodiwe kwa lugha anayoiota anayepimwa, kwa sababu ubongo wake ndio unaopimwa.