Kichwa kimoja, MB 6

Jamani, ni mimi peke yangu? Niko steshenari hapa Mtwara mjini tangu saa tatu asubuhi. Fomu ya maombi nimejaza yote, imebaki paspoti saizi tu. Napakia. "Faili ni kubwa mno, mwisho KB 200." Yangu MB 6! Kichwa hiki hiki? Kwani nimepigwa picha na gunia la korosho?

Nikafuta ukuta wa nyuma. Kubwa. Nikabadilisha jina la faili (msinicheke, hata wewe ulishawahi). Kubwa! Bando linayeyuka kama barafu ya ufukweni Shangani.

Kijana wa steshenari akachungulia. "Mkuu, hii ni pikseli, vile vidoti vya picha, 4000 kwa 3000. Milioni 12! Unabandika bango stendi?" Akashusha hadi 600 kwa 450, akahifadhi JPEG. KB 80. Sura ile ile, hata chunusi ipo. Dakika moja, shilingi elfu moja. Sasa mfumo unashindwaje kuipunguza wenyewe?

Napakia tena, moyo mweupe.

"Picha iwe na mandharinyuma ya bluu."