Kuflashi spika janja: ukimfukuza Amazon, unamkaribisha nani?

Simu ikikwama, mtu wa Kampala huipeleka kwa fundi aiflashi. Sasa wapo wanaotaka kuifanyia spika janja, ile inayosikiliza na kutii amri za sauti, vivyo hivyo: kufuta programu ya kiwandani na kuweka nyingine isiyopeleka maongezi ya sebuleni ng'ambo.

Hofu yao ina msingi. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 huko Marekani katika kesi ya kuhifadhi sauti za watoto waliozungumza na Alexa, msaidizi wa sauti aliye ndani ya spika zake za Echo. Machi 2025 ikaondoa chaguo lililowaruhusu baadhi ya wenye Echo kutotuma sauti kwenye seva zake, yaani kompyuta zake za mbali. Sheria yetu ya data ya 2019 inawagusa hata walio nje wanaokusanya taarifa za raia wa Uganda, ila simwoni mpangaji wa Ntinda, hapa Kampala, akiwafuata huko.

Tatizo ni kwamba spika nyingi hukataa programu isiyo na saini ya kidijitali ya mtengenezaji. Mwanya unaokuruhusu kuipenya ndio huohuo mwizi anaoutafuta, na ukishaflashi, masasisho ya kiwandani basi. Halafu kuna umeme. Niliwahi kujaribu kwenye spika ya mtumba; ilipofika asilimia 60, giza. Umeme uliporudi, taa yake iliwaka mara moja ikazima. Siku hizi inazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo.

Afadhali kununua iliyo wazi tangu mwanzo, inayokuruhusu kuweka programu uitakayo. Home Assistant, mradi wa programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani, walitoa yao Desemba 2024 kwa dola 59. Ukiwa na kompyuta nyumbani, programu iitwayo Whisper inageuza sauti kuwa maandishi humohumo ndani, Kiswahili kikiwemo. Lakini kompyuta iwe na nguvu, na usitarajie ielewe sentensi iliyoanza Kiswahili ikamalizia Kiganda, yaani tunavyoongea hasa. Faida yake kubwa kwetu naiona kwingine kabisa: Januari 2021, intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, spika inayotegemea seva za mbali ilikuwa pambo tu. Ya ndani ingeendelea kuwasha taa.

Ninalolihofia zaidi liko karibu. Wengi hawatajiwekea wenyewe. Watamwita mpwa anayejua kompyuta. Amazon haimjui jirani yako wala mgogoro wa kiwanja. Mpwa anaujua, na nywila anayo yeye. Akimaliza kazi, mpe chai, kisha ubadilishe nywila kabla hajavaa viatu.